Mto wa Mahameli ya Kijani

"Mwenye tundu lenye njiwa wawili, afike dirisha namba tatu. Narudia, mwenye njiwa! Wamenichafulia meza!"

Stendi nzima ilicheka. Abiria waliokuwa wakikimbilia mabasi ya asubuhi waliinua macho kwenye spika, maana sauti ile waliijua: nzito kidogo, tamu, isiyokwama hata siku moja. Makondakta walimwita mtangazaji mwenyewe Sauti, na jina alilopewa na wazazi likabaki kwenye vyeti.

Aliyefika dirishani alikuwa mwanamume mrefu, penseli sikioni, shati la bluu limejaa nyuzi. Alikuwa fundi wa makochi.

"Samahani, dada. Niliwaweka chini mara moja tu, nikate tiketi."

"Na wao wamekata?"

"Hao wana mbawa zao. Wewe ndiye umewafungia ofisini."

Sauti alicheka, akamsogezea tundu. Njiwa mmoja alipiga mbawa, vumbi jepesi likamwingia puani, akapiga chafya tatu mfululizo. Maikrofoni ilikuwa wazi. Chafya zikasikika mpaka vyooni.

"Hata chafya yako ina wapenzi," alisema Fundi.

Basi mapenzi yao yakaanza hapo. Na ugonjwa nao ukaanza hapo hapo, ila Sauti aliona mapenzi tu.

Fundi alifuga njiwa ishirini na wawili kwenye veranda yake, urithi wa marehemu mama yake. Kila Jumapili Sauti alikwenda kumtembelea, gauni lake la njano limepigwa pasi, akawalisha kwa kiganja. Kila Jumapili jioni alirudi kwake na homa, kifua kimebana. Kikohozi kikavu alikificha kwa pipi za koo, mpaka siku alipotangaza basi la saa mbili na kuishiwa pumzi kabla ya kutaja namba yake. Siku hiyo alikwenda hospitali.

"Una ndege nyumbani?" daktari aliuliza.

"Mimi sina. Mchumba wangu anao."

"Mapafu yako yanawakataa. Ni vumbi la manyoya yao na kinyesi chao. Ukiendelea kulivuta utapata makovu ndani, na kovu la pafu halifutiki. Wewe si ndiye wa kwenye spika? Utaipoteza kazi, mama. Au utapoteza zaidi ya kazi."

Alimpigia simu Fundi akiwa bado kwenye ngazi za hospitali.

"Mpenzi, kuna jambo. Ni njiwa."

"Wamekuchafulia tena?"

"Wananiua."

Fundi hakucheka. "Wale ni wa mama," alisema polepole.

"Najua, kipenzi. Sikulazimishi."

Siku tatu simu haikulia. Ya nne Fundi alibisha hodi, macho mekundu, kwapani ana mto wa mahameli ya kijani, umeshonwa kwa mkono.

"Veranda tupu. Wote nimempelekea kaka yangu, mbali kabisa. Nimepiga deki, nimepaka rangi. Na huu ni wako. Nimejaza kitu bora kuliko vyote nilivyo navyo, ila usiniulize. Nitakwambia siku ya harusi."

Sauti aliukumbatia. Ulikuwa laini ajabu.

Mimi siwezi kungoja harusi, nawaambieni sasa: ndani mlikuwa na manyoya ya njiwa. Mama yule aliyaokota moja moja kwa miaka kumi na minane, akayatia kwenye gunia. Fundi aliyafua kwa sabuni mara mbili, akayaanika juani siku tatu. Kwa fundi wa makochi, kilichofuliwa kikakauka ni kisafi, mjadala umekwisha. Hakuwa na nia mbaya hata chembe, na hilo ndilo linaloniuma. Jioni hiyo Sauti aliuweka kitandani, akalaza shavu juu yake.

Baada ya wiki mbili alikuwa hawezi kupanda ngazi za ofisini bila kusimama.

"Umewarudisha njiwa?" alimuuliza kwenye simu.

"Haki ya Mungu sina hata mmoja!"

"Mbona nazidi kuumwa?"

Alimfuata karakanani bila taarifa. Kwenye ukosi wa Fundi palikuwa na nyoya jeupe, kwa sababu alikuwa akijaza mto wa pili, wa kwake, ili siku ya harusi iwe miwili.

"Na hili ni nini?"

Fundi alijua fika lilikotoka, lakini hakutaka kuharibu zawadi. "La zamani," alisema kwa kigugumizi. "Lilibaki tu."

"Muongo! Mapafu yangu unayafanyia mzaha?"

Akaondoka. Simu zake akazikata zote. Mto hakuutupa, aliukumbatia kila alipolia, akavuta pumzi ndefu, kwa kuwa ulikuwa na harufu ya Fundi.

Alhamisi asubuhi Fundi alikuja stendi kumbembeleza. Spika zilikuwa zikitangaza.

"Basi la saa nne na nusu lina..."

Halafu ikasikika mikwaruzo tu, kama mlango unaovutwa sakafuni. Fundi alitupa begi akakimbia. Alimkuta ameinamia meza, midomo imebadilika rangi.

"Nilikwambia uachane na ndege," daktari alisema hospitalini.

"Nimeachana nao," Sauti alinong'ona kwenye barakoa ya oksijeni. "Hata mwenye ndege nimeachana naye."

"Unalalia nini?"

"Mto. Kanishonea huyu."

Daktari alimgeukia Fundi. "Umejaza nini?"

Fundi alianza kulia kabla hajajibu. "Niliyafua, daktari. Niliyafua mara mbili."

Mito yote miwili ilichomwa, lakini makovu yalikwisha kuingia. Baada ya mwezi Sauti alikwenda stendi kukabidhi funguo kwa mtangazaji mpya. Akiwa kwenye ngazi, akipumzika, spika zikakoroma kwa sauti asiyoitarajia.

"Nimepoteza mtu. Ana gauni la njano. Akinisikia afike dirisha namba tatu. Nimekuja mikono mitupu. Hata shati nimelinunua leo. Naomba anikubali tena, nimuoe."

"Niko hapa nyuma yako, mjinga wewe," Sauti alisema, ameshafika mlangoni.

Fundi alimsogezea maikrofoni. Kwanza zilisikika pumzi zake, ndefu, zenye mluzi ndani, na waliokuwa wakiijua sauti ile wakaangaliana.

"Ndiyo," alisema. Akapumzika. "Ila kila utakachoingiza ndani... uniambie."

Watu wakapiga makofi. Fundi hakupiga. Kati ya "ndiyo" na "ila" Sauti alikuwa amevuta pumzi nne, na Fundi alizihesabu zote.