Kadi ya Picha ya Leonidasi

Mama alinituma kwa Haidari kuazima sufuria kubwa. Jumamosi tulikuwa tunaganduka, yaani tunamaliza msiba wa kaka yangu Leonidasi, na pombe ya mtama ilikuwa imeanza kuchacha nyuma ya nyumba. Jua lilikuwa linazama upande wa Burundi. Kasulu yote ilinuka moshi wa kuni. Sikuwa na haraka. Sikuwa na hasira pia.

Hasira ilinikuta dukani.

"Mwalimu Kipriani!" Haidari aliniita kabla sijavuka mtaro. "Mungu amekuleta. Sufuria utapata, ila kwanza nichagulie vipuri."

Haidari alikuwa mzaliwa wa Ujiji, muuza vitenge na betri. Mwaka ule wa 1998 alikuwa na ndoto moja: kuunda kompyuta ya kuchezea gemu, aiweke chumba cha nyuma, vijana wa mji wapange foleni. Alikuwa amechukua kompyuta mbovu za shirika moja lililofunga ofisi Kibondo, akazimwaga zote juu ya mkeka.

"Mume wangu kaniletea makaburi ndani," alisema Zena, mkewe, akiweka birika la chai. "Hata kuku hawapiti tena chumba hiki."

"Nyamaza, mama. Utakuja kucheza wewe wa kwanza."

Tukacheka. Nje jenereta ilikuwa inaunguruma. Nikapiga magoti mkekani.

Kazi ile niliipenda. Alinifundisha Leonidasi, aliyekuwa fundi wa kompyuta katika kambi ya wakimbizi ya Nduta mpaka gari lililokuwa likimleta nyumbani lilipopinduka. Unaanza na mazabodi, ule ubao mkubwa ambao kila kitu huchomekwa juu yake. Zenye vipipa vya umeme vilivyovimba vichwa nilizitupa pembeni. Nikachagua vijiti vya memori vinavyofanana. Nikainusa pawasaplai, kile kisanduku cha umeme; haikunuka kuungua. Hadi diski, ghala linalotunza gemu na kila kitu, huwa unaisikiliza. Ikigonga kama kuku anayedonoa bati, haifai. Nikapata moja iliyovuma taratibu. Nikaiweka mezani ili niifunge mwisho.

"Imebaki kadi ya picha," nilisema. "Hizi zote ni za kuandikia barua. Ukichezea gemu ya magari, yatatambaa kama kobe."

Haidari akatabasamu. "Hiyo ninayo."

Akatoa kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Nilikitambua kabla hajamaliza kukifungua. Feni yake ilikuwa imefungwa kwa uzi wa bluu, uliochomolewa kwenye kitenge cha mama. Leonidasi aliifunga hivyo kwa mikono yake. Kadi ile ilipaswa kuwa ndani ya kompyuta yake, ndani ya chumba chake, nyuma ya mlango uliofungwa tangu tumzike.

"Umeipata wapi?"

"Kwa baba yako mdogo, Marselino. Tumebadilishana na baiskeli."

Damu ilinipanda mpaka masikioni. Sisi tuliotoka Burundi tuna sheria moja ya msiba. Kitu cha marehemu hakifanyi kazi mpaka siku ya kuganduka. Siku hiyo mama mzazi humwaga pombe, akamwambia mwanawe aende kwa amani. Ndipo vitu hugawanywa. Ukikifanyisha kitu kazi kabla ya hapo, mwenyewe huja kazini. Na akishakuja, kumwondoa ni shughuli.

"Irudishe," nilisema.

"Mwalimu, arobaini imepita, tena kitambo. Kwetu tungekuwa tumegawana mpaka viatu."

"Kwetu si kwenu!"

"Umesoma chuo halafu unaogopa kipande cha bati?"

"Siogopi. Nimekasirika. Irudishe, Haidari, kaka yangu apumzike!"

Hakurudisha. Aliipachika kwa nguvu, kwa ubishi, akinitazama usoni. Ukingo wake ukamchana kidole gumba. Damu ikadondoka juu ya ule uzi wa bluu. Akacheka, akanyonya kidole, akawasha.

Feni ikazunguka.

Kwanza ikaja harufu. Risasi ya kuchomea nyaya... halafu mawese, yale aliyojipaka Leonidasi mikononi baada ya kazi. Zena alishika pua. Kioo kikawaka. Hakikuonyesha maandishi ya kuanzia. Kilionyesha barabara.

Barabara ya udongo mwekundu, yenye mikaratusi kandoni, inayoteremka. Gari jeupe likishuka mbio.

"Umeona?" Haidari alisema kwa furaha. "Gemu hiyo!"

Mimi nilitazama mezani. Hadi diski ilikuwa pale pale nilipoiweka. Haijaunganishwa. Haina hata waya.

Gemu ilikuwa inatoka wapi?

"Zima," nilinong'ona.

 Vidole vya Haidari vilikuwa juu ya kibodi, vikikimbia kama vya mtu aliyezaliwa nayo. Lile gari likakata kona. Likayumba. Shingo ya Haidari ikayumba nalo. Midomo yake ikafunguka, na sauti iliyotoka haikuwa ya mtu wa Ujiji.

"Kipri..."

Mtu mmoja tu duniani aliniita hivyo.

"Kipri," ikarudia, kisha ikaendelea kwa Kirundi safi, Kirundi ambacho Haidari hakuwahi kukijua. "Mbona mmenifungia ndani? Huku kuna baridi. Usinizime."

Zena alipiga kelele. Nikaung'oa waya ukutani.

Giza la kioo. Haidari akaanguka juu ya mkeka, katikati ya vipuri, akahema. Alipofumbua macho alisema amepata kizunguzungu tu, na kwamba nitamlipa kama nimeunguza kitu. Nikaichomoa kadi, bado ya moto. Nikaondoka bila sufuria.

Baba mdogo Marselino nilimkuta njiani akiendesha ile baiskeli. Yale niliyomwambia siwezi kuyaandika. Nilimshika ukosi, mimi niliyefundishwa kuwaamkia wakubwa kwa mikono miwili, na hakuthubutu kunikemea.

Nyumbani niliirudisha kadi mahali pake, nikafunga mlango. Nikamweleza mama kila kitu. Mama yangu, Ininahazwe, hakulia, wala hakumlaani mtu. Aliuliza jambo moja.

"Sauti yake ilikuwaje?"

"Ilikuwa na hasira, mama."

"Hasira," alisema polepole, kama anayeonja chumvi. "Basi bado ana nguvu."

Nilipaswa kuelewa pale pale.

Jumamosi ndugu walikuja hata kutoka Muyama. Chungu kikawekwa uani, mirija ikachomekwa. Marselino alisimama mbali. Lilibaki neno moja, la mama: *Genda amahoro*. Nenda kwa amani. Aseme hivyo, amwage pombe, kaka yangu apumzike.

Mama aliinua kibuyu.

Haidari akaingia uani.

Alikuja bila kofia, peku, vumbi mpaka magotini. Hakumsalimu mtu. Alipita katikati yetu kama mtu anayeijua nyumba, akaketi kwenye kigoda cha Leonidasi. Haidari, asiyeonja hata togwa iliyolala, akavuta mrija akanywa. Pumzi yake ilinuka mawese.

"Mama," akasema kwa Kirundi, "nimekuja."

"Mwambie aende!" nilipiga kelele. "Mama, sema! Sema neno!"

Mama alimtazama. Mkono ulioshika kibuyu ulishuka, taratibu, mpaka kibuyu kikatua chini bila kumwaga hata tone.

"*Icara*," alisema. Keti.

Wanawake wakaanza kulia. Ndugu wakatoka mmoja mmoja, wakitembea kinyumenyume. Mimi nilibaki, meno yakisagana. Nilimchukia Marselino na baiskeli yake. Nilimchukia Haidari kwa ubishi wake, kama bado kulikuwa na Haidari wa kuchukiwa. Lakini kumchukia mama niliwezaje? Alimkunjulia yule mtu blanketi, akalizungushia mabegani mwake, akilisugua kumpasha joto.

Jioni Zena alifika, ushungi ukiburuzika.

"Hodi. Mume wangu yuko hapa?"

"Hapa yupo mwanangu," mama alijibu.

Zena akamwona. "Haidari!" aliita. "Baba, twende nyumbani. Haidari!"

Hakugeuka. Hata jicho halikucheza.

Nilijua jina ambalo angeliitikia. Lilikuwa limenijaa mdomoni. Nikaung'ata ulimi mpaka nikaonja damu, kwa sababu nikilitamka mbele ya yule mwanamke, nitakuwa nimekubali kwamba huyu si mumewe tena.

Mama akalitamka.

Yule mtu akageuka, akatabasamu.