Chumba cha Watu Saba

Jioni ya pili ya Idi ukungu ulishuka Murree, mji wa milimani, mapema kuliko kawaida yake, na Ijlal Bhatti alikuwa bado anazunguka kwa miguu hoteli hadi hoteli, shati limemganda mgongoni, akiuliza swali lile lile.

"Mna chumba cha familia?"

Kuuliza hakukuwa na shida. Shida ilikuwa pale anapoulizwa yeye: mko wangapi?

Walikuwa wanane. Yeye, mkewe Tehmina, watoto watano, na mama yake mzazi, Sardar Bibi, aliyekuwa amejikunyata kiti cha nyuma cha kigari cha kuazima walichotoka nacho Faisalabad alfajiri. Kwa wenye hoteli, watu wanane ni vyumba vitatu. Na kwa bei za Idi, vyumba vitatu ni vya watu wenye viwanda, si vya mtu anayeuza nyuzi katika duka la mwenzake.

"Wanane?" karani wa hoteli ya kwanza alimwambia. "Kaka, umekuja kutembea au umeleta harusi?" Wenzake wakaangua kicheko.

Hoteli ya pili akadanganya. Alisema watano, na watoto watatu wakaambiwa wajilaze sakafuni mwa gari chini ya blanketi, wasipige hata chafya. Karani akatoka na tochi, akafunua blanketi.

"Na hii ni mizigo?"

Ijlal alicheka pamoja naye, kicheko cha mtu anayevuliwa nguo sokoni. Sidra, binti yake mkubwa, alikuwa anamtazama.

Lakini ya tatu ndiyo iliyommaliza. Mwenye hoteli alikuwa mzee mpole. Alikubali wajibane vyumba viwili kwa bei ya kimoja, akaja mwenyewe hadi garini kuwakaribisha. Mlango ulipofunguliwa, harufu ikamtangulia. Sardar Bibi hakuwa tena na uwezo wa kujizuia, na njia ilikuwa ndefu. Mzee akavuta ncha ya kilemba chake, akajiziba pua.

"Mwanangu, nisamehe. Magodoro yangu ni mapya."

Aliyemjibu ni Sardar Bibi mwenyewe, akimwita mwanawe kwa jina la utotoni.

"Jalu! Mwambie huyo naye atazeeka! Na magodoro yake yatazeeka pia!"

Watoto walicheka. Ijlal alihisi masikio yakimwaka moto.

"Ammaji, mama yangu, nyamaza kidogo."

"Ninyamaze, nimeiba? Mimi nitalala humu humu. Nimelala pabaya kuliko hapa, tena na wewe tumboni. Asubuhi mnionyeshe hayo mawingu, basi, nikafe kwangu."

Safari yenyewe ilikuwa yake. Marehemu mumewe alimwahidi tangu siku za ndoa yao kwamba atampeleka milimani akaone mawingu yamelala chini ya miguu yake. Mtu akafa na ahadi yake mdomoni. Mwaka huu bibi alianza kukohoa, kikohozi kikavu cha mara mbili mbili, kama mtu anayebisha mlango. Ijlal akasema, twende naye sasa, tusije tukajuta.

Wakaiacha Murree, wakafuata barabara ya juu, labda huko watapata pa nafuu. Misonobari ikafunga njia pande zote mbili. Taa za mji zikazama nyuma yao.

Mwanamke alikuwa amesimama katikati ya barabara.

Ijlal alikanyaga breki mpaka watoto wakarushwa mbele. Mwanamke hakusogea. Alikuwa amejitanda shali la kijivu, na hakuwa na taa wala mwavuli. Akaja taratibu upande wa dereva, akainama dirishani. Akaleta harufu... kafuri. Kafuri ya kuoshea maiti na majivu yaliyolowa.

"Mnatafuta chumba," alinong'ona. Halikuwa swali.

"Ndiyo, dada. Ila sisi ni familia kubwa kidogo..."

"Ninacho kikubwa. Mtakachojaliwa kunipa, nitapokea. Lakini niambie kweli. Mko wangapi?"

Ijlal alifungua kinywa aseme wanane. Baadaye aliapa kwa mkewe kwamba alikusudia kusema wanane. Lakini ulimi ulikuwa umeshazoea njia yake, na macho yake yalikuwa bado yanakiona kilemba cha yule mzee.

"Saba."

Mwanamke akanyoosha shingo, akachungulia nyuma.

"Na yule bibi?"

Tehmina alimfinya mumewe paja. Haikusaidia.

"Yule si wetu. Tumempa lifti tu. Atashuka hapo mbele."

"Si wenu?"

"Si wetu."

"Hana mtu?"

Ukungu ulikuwa unaingia dirishani. Ijlal hakugeuka kutazama nyuma. Hakuthubutu.

"Hana."

Sardar Bibi, mwanamke aliyekuwa na jibu kwa kila kiumbe, safari hii alivuta mtandio wake, akajifunika uso, pole pole, kama mtu anayefunga dirisha la nyumba anayohama.

Nyumba aliyowaongoza, akitembea mbele ya gari, ilikuwa chini kidogo ya barabara, ndefu, ya mawe, na paa la bati. Ijlal aliegesha gari kando ya ngazi na kumnong'oneza mkewe: "Tangulieni. Huyu mama akiondoka tu, namfuata Ammaji, namwingiza kwa mlango wa nyuma."

"Baba Sidra, yule ni mama yako."

"Kwani sijui ni nani?"

Chumba kilikuwa kikubwa kweli. Vitanda saba vimetandikwa. Juu ya meza, vikombe saba vya chai, vyote vinafuka moshi.

Tehmina alivitazama, akatazama mlango ambao mwanamke alikuwa ametokea na kupotea.

"Muda wote alikuwa na sisi," alisema kwa sauti ndogo. "Nani amemimina chai? Na alijuaje utasema saba?"

Ijlal alikuwa ameshatoka mbio.

Mlango wa nyuma wa gari ulikuwa wazi. Kiti kilikuwa na unyevu, na bado kina joto. Sardar Bibi hakuwepo.

"Ammaji..."

Aliita kwa kunong'ona. Tusimfiche: hata wakati ule alikuwa anaona haya kupaza sauti. Mwenye nyumba angesikia. Angejua kuwa amedanganywa. Kwa hiyo mwanamume mzima alizunguka gari, akapapasa ukungu kwa mikono, akimwita mama yake kama mwizi anayemwita mwenzake.

"Ammaji... ni mimi..."

Kisha akasikia. Kho, kho. Nyuma ya nyumba.

Aliufuata ukuta kwa kiganja. Harufu ya kafuri ilizidi kila alipopiga hatua. Kona ya nyumba ikaisha, na mbele yake kukawa na baraza refu lenye kandili moja ikining'inia. Chini ya kandili, vitanda vya kamba vimepangwa safu, na juu ya vitanda wameketi wazee. Wengi. Kila mmoja amejifunika shali la kijivu toka utosini. Hakuna aliyetikisika.

Wa mwisho tu ndiye alikuwa wazi uso. Sardar Bibi. Yule mwanamke alikuwa amepiga magoti mbele yake, anamlisha wali kwa mkono, tonge dogo dogo, anampangusa kidevu.

"Dada," Ijlal alisema. "Samahani. Huyo ni... huyo ni mama yangu."

Mwanamke hakugeuka. "Ulisema hana mtu."

"Nilikosea."

"Hawa wote walikuja na watu waliokuwa wanatafuta chumba." Akafinyanga tonge lingine. "Mimi simnyang'anyi mtu wake. Mwulize mwenyewe. Mama, unamjua huyu?"

Sardar Bibi aliinua macho. Alimtazama mwanawe kwa muda mrefu, akamtazama mpaka Ijlal akatamani ardhi impasukie. Katika macho yale hamkuwa na uchawi wowote, na hilo ndilo lililokuja kumtesa zaidi. Yalikuwa macho yake yale yale, makali, yanaelewa kila kitu.

"Simjui," alisema. "Alinipa lifti tu."

Kisha akajivutia shali usoni.

Ijlal akaanguka magoti. Sasa ndipo alipolia, ndipo alipopaza sauti, Ammaji, Ammaji, ni mimi Jalu wako, mpaka sauti ikagonga mlima na kumrudia. Ndani ya nyumba watoto waliamka wakilia. Mwanamke akasimama. Akamwangalia kama anayemwonea huruma.

"Basi," alinong'ona. "Mchukue wako."

Kandili ikazimika.

Giza. Pumzi za watu. Kamba za vitanda zikilia, kii... kii... kama watu wengi wanaosogea kwa pamoja. Ijlal alitambaa, mikono mbele, akigusa magoti, vitambaa, vidole vya baridi.

"Ammaji, sema neno! Ammaji, wapi?"



Mkono mmoja ulinyooshwa gizani, ukamshika kifundo cha mkono.

Hakuuliza. Aliuvuta, akamwinua mwenye mkono, akambeba mgongoni kama gunia, akakimbia. Alipofika kwenye ngazi Tehmina alikuwa ameshawasukumia watoto garini, maana ile chai vikombeni, alikuja kusema, ilikuwa imeganda yote kwa mkupuo mmoja na juu yake imeota kuvu. Ijlal akamweka mama yake kitini. Sidra akammulika na taa ya simu. Alikuwa Sardar Bibi. Uso wake, mtandio wake, pete yake ya fedha.

"Alhamdulillahi," Tehmina alisema. "Washa gari!"

Ijlal akawasha. Na kabla injini haijanguruma sawasawa, akasikia kutoka nyuma ya nyumba...

Kho, kho.

Mguu wake ulibaki juu ya klachi. Tehmina naye alikuwa amesikia; alikuwa anamtazama. Watoto wanalia, ukungu unapanda kwenye kioo, na bibi yupo pale nyuma, kimya, mikono mapajani.

Ijlal aliondoa gari.

Walilala barabarani karibu na kituo cha mafuta. Kulipopambazuka ukungu ulikuwa umeondoka, na kwenye kona ya kwanza ya kuteremka, mawingu yalikuwa yametandazwa bonde zima chini yao, meupe, yanapata rangi ya jua. Tehmina akageuka kwa furaha, machozi yanamlengalenga.

"Ammaji, tazama! Mawingu yako!"

Bibi alitazama kwa adabu.

"Mazuri," alisema, kama mtu aliyeonyeshwa ukuta wa nyumba yake mwenyewe.

Nyumbani majirani walistaajabu. Hewa ya milimani imemfaa bibi, walisema. Hakohoi tena. Halowanishi kitanda. Anaamka mwenyewe kuswali, anafagia ua, na pilau la Tehmina, alilolikosoa kwa miaka yote ya ndoa ya mwanawe, sasa analisifia chumvi yake. "Ijlal, una pepo yako hapa hapa duniani," imamu alimwambia mbele ya watu baada ya Ijumaa. "Mtoto anayembeba mama yake mpaka milimani!" Ijlal aliinamisha kichwa, na watu wakadhani ni unyenyekevu.

Bibi alimwita Ijlal "mwanangu". Siku zote mwanangu. Jalu hakulitamka tena.

Jioni moja Sidra alimfuata baba yake darini, akasimama anachezea kucha.

"Baba, siku hizi Bibi hanitukani."

"Si vizuri?"

Binti akaanza kulia. "Mwambie anitukane, Baba. Mara moja tu."

Ijlal alimfokea ateremke akasome. Angemwambia nini? Kwamba huyu si mama yake? Maneno hayo alikwisha kuyasema, mbele ya watoto hawa hawa, na aliona yalikomfikisha. Tehmina naye hakuuliza. Walizoea kulala wakipeana migongo.

Mvua za masika ya huko zilipokwisha Ijlal alidanganya kwamba anakwenda Rawalpindi kutafuta nyuzi, akapanda basi hadi Murree, akaifuata ile barabara ya juu kwa mguu. Mchana ulikuwa mweupe. Alizunguka ile kona mara kadhaa. Chini ya barabara palikuwa na mteremko mtupu, mawe yaliyobomoka, na kipande cha bati kilichozama udongoni.

Kando ya njia palikuwa na muuza chai. Alimtazama Ijlal akipanda na kushuka mpaka akachoka.

"Hapo palikuwa na nyumba ya wageni," alimwambia. "Mlima uliibeba kabla mimi sijazaliwa. Wanasema mwenyewe alikuwa mjane, na watu walizoea kumwachia wazee wao, wakimwambia watarudi kesho." Akamimina chai, akamsogezea. "Wewe si wa kwanza kuja kutazama. Umepotelewa na mtu?"

Ijlal alishika kikombe kwa mikono miwili. Mtu huyu hakumjua, wala hangemwona tena. Ilikuwa neno moja tu.

"Hapana," alisema. "Napita tu."

Alifika Faisalabad giza limeshaingia. Nyumba yote ilikuwa imelala, ila jikoni palikuwa na taa. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda, amemwekea chakula na kukifunika sahani kisipoe. Mikono yake safi ilikuwa imetulia mapajani.

"Umechelewa, mwanangu," alisema kwa upole. "Ulikwenda kumtafuta nani?"

Ijlal alivua viatu. Alinawa mikono, akaketi mbele yake, akaanza kula. Bibi alimtazama mpaka alipokaribia kumaliza, kisha akamega tonge la mwisho kwa vidole vyake mwenyewe, akalifinyanga kama yule mwanamke wa barazani, akamsogezea mdomoni.