Mlio Niliouzima

Kila Ijumaa nyumbani kwetu, ghorofa ya sita, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, Doha, kazi yangu ni moja: kukaa na Bibi wakati Baba yuko msikitini na Mama yuko zamu hotelini. Bibi yangu, Bi Kizija, mapafu yake ni mabovu. Anavuta hewa ya mashine ya oksijeni kwa mrija wa puani, na mashine hiyo imechomekwa kwenye sanduku jeusi liitwalo UPS.

Baba alinieleza siku lilipoletwa. "Umeme ukiwepo, UPS inaupitisha kwenye mashine huku ikijaza betri yake. Umeme ukikatika, betri inashika papo hapo, na UPS inalia ili tujue. Usiiguse, Husna."

Nina miaka kumi na miwili, na kichwa kigumu ninacho.

Ijumaa ile jioni tulikuwa na maulidi. Mimi, kwa kujishaua, nilijitolea kupiga pasi sare za wasichana wote kumi wa kikundi chetu. Ilikuwa nizipige Alhamisi. Nikacheza na simu. Soketi ya sebuleni ilikuwa mbovu, na chumbani kwa Bibi ipo moja tu. Basi nikachomoa plagi ya UPS ukutani, nikachomeka waya mrefu, nikauvuta hadi nje ya mlango kwenye pasi.

Mashine haikutetereka hata kidogo! UPS ikaanza kulia: pii, kimya, pii. Bibi alikuwa amelala. Nikabonyeza kitufe cha kuzima mlio, nikaendelea na sare zangu kwa raha zangu zaidi ya nusu saa. Niliporudisha plagi, kwenye kioo cha UPS palibaki kistari kimoja cha betri kati ya vitano. Nikajisemea, si itajaa tu.

Saa saba Baba akarudi. "Kuna tangazo ndani ya lifti," akasema. "Mafundi wanabadilisha swichi kubwa ya jengo. Saa nane kamili umeme unakatwa kwa nusu saa. Betri yetu ikijaa inatuvusha dakika arobaini, hatuna shida. UPS iko sawa?"

"Iko sawa, Baba."

Looo! Uongo ule ulitoka mwepesi, kisha ukanikaa kifuani. Nilikuwa na hofu: nikisema, maulidi siendi. Nilikwenda kuchungulia mara tatu. Kistari kilikuwa kile kile kimoja, kinapepesa. Betri hujaa kwa saa nyingi. Saa moja si kitu.

"Mbona umenuna, mjukuu wangu?" Bibi akauliza, akinishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. Sikuweza tena.

Nilimkuta Baba mlangoni. Ilikuwa saa nane kasoro dakika tisa. "Baba, nimekudanganya. Nilichomoa UPS nikapiga pasi. Betri haina kitu."

"La haula!" Mtungi wetu wa oksijeni ya akiba alikuwa ameupeleka kujazwa. Hakunigombeza, na hilo lilinitisha zaidi. Akampigia simu Dominiko, Mkenya anayelinda jengo la jirani.

"Mlete huku, mzee!" nikasikia sauti ya Dominiko. "Kwetu stima iko. Nakuja na kiti cha magurudumu."

Alifika anahema. Tukamkalisha Bibi kitini. Baba akachomoa plagi ukutani, akaikumbatia UPS kifuani, mimi nikasukuma mashine. Pii, kimya, pii. Lifti ikashuka, ikasimama ghorofa ya tatu. Mama mmoja akataka kuingia na mifuko yake. "Samahani dada, tuna mgonjwa!" Baba akapaza sauti. Milio ikaanza kufuatana upesi: pii-pii, pii-pii.

Tukatoka juani. Hatua chache tu nyuma yetu taa za ukumbi wa chini zikazimika. Tulipokaribia kibanda cha Dominiko mlio ukawa mmoja mrefu, kisha ukanyamaza, na mashine nayo ikanyamaza. Bibi akafungua mdomo akitafuta hewa.

"Bibi!" nikalia.

Dominiko akanyakua waya wa mashine yenyewe, akauchomeka ukutani kwake. Mashine ikanguruma. Tulisimama tukimtazama Bibi mpaka midomo yake ikarudiwa na rangi na pumzi zikatulia. "Alhamdulillahi," akanong'ona.

Mimi nikakaa chini nikalia kwikwi. Baba akachuchumaa mbele yangu, jasho linamtiririka.

"Husna, umenisikia nikilalamika kwamba UPS ilikosea?"

"Hapana, Baba."

"Haikukosea. Ulipoikatia umeme ilimshika Bibi yako bila kuchelewa, na ikakuambia kwamba inachoka. Wewe ukaiziba mdomo. Kisha nilipokuuliza, ukauziba na wako. Chombo kinacholia hakitaki kunyamazishwa, mwanangu, kinataka mtu aje. Na mtu aliyekosea ni vivyo hivyo, apige kelele mapema."

"Nisamehe, Baba."

"Muombe Bibi yako kwanza." Akaifuta UPS vumbi kwa kiganja. "Betri hii ilikufa kabla hatujafika. Ungesema dakika mbili baadaye, umeme ungekatika tukiwa ndani ya lifti."