Wiki Mbili za Nani?

Asubuhi hiyo ya mwezi wa sita, baridi ilikuwa kali Kolwezi. Nafisa alitoka senta ya afya na fishi yake, karatasi ya vipimo, mkononi. Alimkuta mume wake, Shafii, nyumbani akinywa chai. Shafii ni dereva wa lori la kwenda Dilolo. Nafisa akampa fishi huku anacheka. Masikini, hakujua anampa moto.

Shafii alisoma. Akahesabu kwa vidole. Akahesabu tena.

"Wamesema mimba ina wiki kumi na mbili?"

"Ndiyo. Wamepima na ekografi, ile mashine ya kuona mutoto tumboni."

"Mi nilirudi toka Dilolo siku ya Idi. Lori ilikwama kule miezi miwili, unajua. Toka Idi mpaka leo ni wiki kumi. Hizi mbili ni za nani?"

Nafisa alimshika mkono. "Walahi, Shafii, sina mwanaume mwingine!"

"Karatasi haina sababu ya kusema uongo."

Shafii alivuta begi jekundu toka chini ya kitanda. "Weka nguo. Kesho unaenda kwa kaka yako, Tenke."

Hasira ni hasara, lakini utamwambia nani? Nafisa alikunja kitenge. Alijua hana kosa. Lakini hata yeye aliiamini karatasi, na hilo ndilo lilimtisha zaidi. Akatoka mbio kumwita jirani yao, Mama Mbelu, mkunga wa miaka mingi.

Mama Mbelu aliliona begi. "Tata Shafii, unafukuza mutu na hesabu ya vidole?"

"Soma mwenyewe, mama."

Akasoma. "Fishi iko sawa. Na wewe uko sawa."

"Haiwezekani!"

"Tulia kwanza. Siku mimba inashika, nani anaiona? Hakuna. Kwa hiyo tunaanza kuhesabu siku ya kwanza ya damu ya mwezi ya mwisho. Mimba inashika karibu wiki mbili baadaye. Ekografi inapima urefu wa mutoto, na inahesabu namna ile ile. Nafisa, damu ya mwisho uliiona lini?"

Nafisa alijaribu kukumbuka, woga ukamzuia. Ndipo akaiona kalenda ya msikiti ukutani.

"Hapa! Siku hizi tano za Ramadhani sikufunga, nilikuwa mwezini. Nilizizungushia kalamu ili nizilipe. Ya kwanza ni tarehe kumi na saba."

"Shafii, hesabu toka hapo mpaka Idi."

Shafii aligusa kalenda, siku moja moja. Kumi na nne.

"Wiki mbili," alisema kwa sauti ndogo.

"Basi, umezipata. Damu ilianza tarehe 17 mwezi wa tatu. Ongeza siku saba, rudi nyuma miezi mitatu. Tunamungojea mutoto tarehe 24 mwezi wa kumi na mbili. Ni makadirio tu. Batoto habasomi kalenda. Anaweza kutangulia ao kuchelewa."

"Nisamehe, Nafisa."

Nafisa alilia kwanza, kwa hasira. "Ungenipeleka Tenke na mutoto wako tumboni!"

Shafii alizitoa nguo zake begini, moja moja.

Uchungu ulianza tarehe 19 Desemba. Begi jekundu lilikuwa tayari mlangoni, limejaa nguo za mtoto. Shafii alilibeba kichwani mpaka hospitali. Madereva wenzake walimcheka njiani, asijali.

Mtoto wa kike alizaliwa salama. Muuguzi akachukua kitabu chake cha vizazi.

"Baba wa mutoto ni nani?"

Shafii alisimama kabla muuguzi hajamaliza kuuliza. "Ni mi."