Shingo ya Sweta la Lidia

Mwezi wa sita ukifika, hakuna mtoto wa kijiji cha Maguu, kule juu milimani, anayetoka kitandani kwa kupenda. Emerensiana alitoka kwa sababu mama yake alikwisha kumwita mara mbili, na alijua mwito wa tatu usingekuwa wa maneno. Alinawa uso kwa maji ya baridi kali, akafagia jikoni, akamsaidia mama kutandaza kahawa kwenye chanja, kisha akanywa uji akiwa amesimama karibu na moto. Alipomaliza, alichukua mfuko wake wa kufumia akashika njia ya shule.

Wenzake walitembea wakipiga soga. Yeye alitembea akifuma. Mteremko ule aliujua kwa nyayo, kwa hiyo macho yake yalibaki kwenye vitanzi. Sindano zake zilikuwa njiti mbili za baiskeli alizozinoa mwenyewe kwenye jiwe, na nyuzi zake zilitoka kwenye sweta la mtumba lililofumuliwa, zikafuliwa na kuanikwa zinyooke. Wanafunzi wengine nao walifanya vivyo hivyo. Ila yeye ndiye aliyekuwa fundi wao, alilijua hilo, na alihakikisha hakuna anayelisahau.

Shuleni kwao wanafunzi wa darasa la tano na la sita waliwafumia masweta watoto wa darasa la kwanza wasiokuwa nayo. Mwalimu Aurelia, aliyefundisha stadi za kazi, aligawa kazi. Wengi walifuma mgongo, kifua na mikono. Shingo alipewa fundi, maana shingo ikiharibika, sweta zima limeharibika. Mwaka uliopita shingo zote zilifumwa na Emerensiana. Kweli, baada ya kufuliwa mara tatu nyingine zililegea zikaanguka mabegani, lakini nani angemwambia?

Mwaka huu akaja Hasna.

Hasna alitoka Mbamba Bay, chini kule ziwani. Baba yake, Mzee Bwanali, alikuwa amefungua duka karibu na soko. Siku msichana huyo alipoingia darasa la sita na sindano zake mkononi, Emerensiana alimnong'oneza rafiki yake Otilia, "Kule ni joto mwaka mzima. Sweta wamelijulia wapi?"

Otilia akacheka. Siku ya tatu huyo huyo Otilia alikuwa amehamia karibu na Hasna, akivitazama vidole vyake mdomo wazi.

"Nani amekufundisha hivi?" Otilia aliuliza.

"Bibi yangu. Alikuwa anafuma kofia za watoto wachanga wa kliniki. Kofia ikilegea, mtoto anaivua, kwa hiyo ukingo wake lazima ushike."

Ukingo wa Hasna ulishika kweli. Ulikuwa na mistari iliyosimama wima, na ukiuvuta ulitanuka, ukiuachia ulirudi mahali pake. Siri yake ilikuwa ndogo. Kila kitanzi kikiwa juu ya sindano kina miguu miwili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Wote pale walizoea kuchoma mguu wa mbele. Hasna alichoma wa nyuma, na kitanzi kikajisokota chini yake, kikakaza.

Mwalimu Aurelia aliuvuta ule ukingo, akauachia, akauvuta tena. "Emerensiana, njoo uone kazi! Mwaka huu shingo zote ziwe hivi. Hasna atafuma shingo tano. Wewe utafuma ya Lidia wa darasa la kwanza. Mwombe Hasna akuonyeshe."

"Ndiyo, mwalimu," Emerensiana alijibu.

Wivu ulimshika palepale, mbele ya watu, na haukumwachia. Tano kwa moja! Tangu saa ile jina la Hasna lilimfuata kila alikokwenda. Uwanjani, Hasna. Kisimani, Hasna. Hata jioni, mama akimenya viazi, akasema, "Yule binti wa Bwanali ana adabu. Amenisalimia vizuri sana leo." Hata mama! Emerensiana aliinuka akaacha chakula.

Kesho yake Hasna alimfuata mwenyewe. "Eme, nikuonyeshe? Si vigumu."

"Nimeshaona."

"Lakini kuna na upande wa—"

"Nimesema nimeshaona. Nilianza kufuma kabla hujazaliwa."

Walikuwa na miaka kumi na miwili wote wawili. Hasna alimtazama, akainua mabega, akaenda zake.

Ukweli ni kwamba Emerensiana alikuwa amechungulia tu kutoka upande wa pili wa meza. Kuuliza si ujinga, wanasema wakubwa, lakini yeye aliona kumuuliza mtu wa ziwani ni sawa na kuvuliwa taji. Kwa hiyo alijifungia na alichokiiba kwa macho. Alisokota kitanzi kimoja, akasokota cha pili, akavisokota vyote, upande wa mbele na wa nyuma, bila kubakiza. Jumamosi nzima alifuma hivyo, na Jumapili baada ya misa akaendelea. Kila alipomkumbuka Hasna, aliuvuta uzi ukakaza zaidi, na siku hizo mbili alimkumbuka sana. Alipofunga vitanzi vya mwisho, shingo ilikuwa nzuri ya kutazama. Hakuijaribu kwenye kichwa cha mtu yeyote.

Jumatatu Lidia aliitwa mbele. Alikuwa mtoto wa miaka saba, mwembamba, mwenye pumu, na baridi ya Maguu ilimkaba kifua hadi ungeisikia pumzi yake. Aliinua mikono yake akicheka kwa furaha. Emerensiana alimvisha. Sweta lilishuka hadi kwenye nyusi, likagoma.

"Vuta kidogo," Mwalimu Aurelia alisema.

Emerensiana alivuta. Darasa likaanza kucheka. Kutoka ndani ya sweta Lidia akalia, "Linaniumiza masikio! Sioni! Nitoeni!"

Walimtoa akiwa na machozi na makamasi, nywele zimesimama. Mwalimu aliichukua ile shingo akajaribu kuitanua. Haikutanuka hata upana wa kidole.

"Emerensiana, nani amekufundisha kufuma hivi?"

Alikuwa na nafasi ya kusema kweli, nayo ilikuwa fupi. Alimwona Hasna amesimama na shingo zake, mbili zimekamilika na nyingine ameianza.

"Hasna ndiye aliyenifundisha, mwalimu. Aliniambia nisokote kila kitanzi."

"Hapana, mwalimu," Hasna alisema haraka. "Mimi sikumfundisha."

"Una hakika, Emerensiana?"

"Nina hakika."

Mwalimu alimfahamu mmoja kwa miaka sita na mwingine kwa wiki tatu. Tena alikuwa na hasira, na mtoto alikuwa bado analia. Alinyoosha mkono. "Hasna, nipe sindano zako. Mtu anayempotosha mwenzake kwa makusudi hakai kwenye meza yangu. Vipindi vya kufuma utafagia uwanja mpaka nikuite."

Hasna alitoa sindano. Hakulia. Alimtazama Emerensiana mara moja tu, akachukua ufagio.

Basi Emerensiana akapata alichokitaka. Shingo zote zikarudi kwake, na kiti cha karibu na dirisha kikawa chake tena. Ila mwalimu alitaka ukingo ule ule wa mistari, na wenzake walimzunguka. "Tuonyeshe, Eme. Unasokota vipi? Ukigeuza upande wa nyuma unafanyaje?" Hakujua. Alifuma akafumua, akafuma akafumua, hadi uzi ukaanza kuchakaa. Jumanne alisema kesho. Jumatano alisema kesho. Kupitia dirishani alisikia ufagio wa Hasna, na alitamani mtu ampeleke akafagie mbali. Alhamisi Lidia hakuja shuleni. Mama yake alituma salamu kwamba kifua kimembana, wamelala kituo cha afya.

Jioni ile mama alimtuma Emerensiana akanunue chumvi na usipa, wale dagaa wa ziwani, dukani kwa Bwanali. Alitamani aumwe tumbo, lakini tumbo lilikuwa zima. Dukani alimkuta Mama Mwanakombo, mama yake Hasna.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Aliuona mfuko wa kufumia begani kwake. "Kumbe wewe ndiye Emerensiana! Hasna alipofika tu alikuja kuniambia, mama, shuleni kuna msichana anafuma huku anatembea, wala hakosei. Alitaka sana muwe marafiki." Alimpimia usipa kikombe kimoja, akamwongezea konzi. "Mbona siku hizi haleti kazi nyumbani? Nimemuuliza sindano ziko wapi, anasema zimehifadhiwa shuleni."

Emerensiana aliinamia pesa zake akizihesabu. Alilipa, akatoka, na nje akamkuta Hasna akiokota kuni.

"Kwa nini hukumwambia mama yako?"

"Angekuja shuleni, halafu ningeitwa mshitaki. Mimi mgeni, Eme. Nani angeniamini?" Hasna aliziangusha kuni chini. Sasa sauti yake ilikuwa ya hasira. "Ungeniuliza tu! Ningekuonyesha siku moja, ungejua. Ulikosa nini kwangu? Sasa Lidia anaumwa na sweta lake liko kabatini."

Hata usipa ulikuwa mzito njiani siku ile. Emerensiana alijionea haya kuliko alivyowahi kujionea haya maishani mwake.

Ijumaa, kipindi cha kufuma kilipoanza, alisimama kabla ya kuambiwa. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imefika mwisho.

"Mwalimu, Hasna hakunifundisha. Alitaka kunionyesha nikakataa. Nilimwibia kwa macho, nikakosea, nikamsingizia. Nilimwonea wivu."

Otilia alitazama chini, maana naye alikuwepo Hasna alipokataliwa, akajua, na hakusema. Mwalimu Aurelia alikwenda mlangoni akamwita Hasna, akamrudishia sindano mbele ya wote.

"Hasna, nimekuhukumu bila kukusikiliza. Nisamehe, mwanangu."

"Nimekusamehe, mwalimu."

"Nawe, Emerensiana, wiki ijayo ufagio ni wako. Lakini leo kuna mtoto anasubiri sweta. Unajua kulitengeneza?"

"Sijui, mwalimu."

"Basi mwombe anayejua."

Emerensiana alilitoa lile sweta kabatini, akavuka chumba kizima hadi kwenye benchi la Hasna. Hatua zile zilikuwa kumi tu, lakini zilimtoa jasho kwenye baridi.

"Hasna, nisamehe. Nionyeshe."

Hasna hakutabasamu. Alisogea kidogo kumpisha. "Kaa. Tazama vidole, usinitazame mimi."

Walifumua ile shingo iliyokaza hadi vitanzi vikabaki wazi. Kisha Hasna akaanza taratibu. "Usisokote vyote. Sokota ile mistari inayosimama tu. Katikati yake unafuma kitanzi cha kinyume, uzi ukiwa mbele ya sindano, bila kusokota. Hicho ndicho kinachoacha shingo itanuke."

"Na nikigeuza upande wa nyuma?"

"Hapo ndipo wengi wanapokosea. Ule mstari ukiutazama kwa nyuma unageuka wa kinyume. Kwa hiyo unaufuma kinyume, ila sindano inapita mguu wa nyuma vilevile, hivi, inatokea huku. Inasumbua mwanzoni. Ukisahau, mstari unashika nusu tu. Na usivute uzi, Eme! Unamkaba nani?"

Otilia akacheka kidogo, kisha wengine, na safari hii Emerensiana naye akacheka. Alifuma yeye, Hasna akimsahihisha, na mwishoni Hasna akamkopesha sindano nene ya kufungia vitanzi ili ukingo usibane.

Baada ya masomo Mwalimu Aurelia aliwachukua wote wawili hadi kwa kina Lidia. Mtoto alikuwa ametoka kituo cha afya asubuhi, amekaa jikoni karibu na mama yake, amejifunika khanga mbili. Alipoliona lile sweta, aliyashika masikio yake kwa mikono miwili.

"Mimi silitaki hilo."

"Jaribu tu," Emerensiana alimbembeleza. "Likikubana, nalivua mara moja."

Sweta lilipita nyusi, likapita masikio na kidevu, likashika shingoni pake na kutulia. Lidia aligeuza kichwa kulia na kushoto.

"Halinibani! Nani amelifuma?"

"Shingo nimefuma mimi," Emerensiana alisema. "Hasna ndiye aliyenifundisha."

Alipoyasema aliona uso unamwaka moto, kwa sababu yeye, Hasna na mwalimu walikumbuka aliyasema wapi mara ya kwanza. Lakini Hasna alimgusa kiwiko, na huo ulikuwa mwanzo.

Mama yake Lidia aliwakaribisha chai. Wakati wa kuondoka Mwalimu Aurelia alisimama mlangoni.

"Emerensiana, nataka nikuulize. Ulipomwonea Hasna wivu, ujuzi wake ulipungua?"

"Haukupungua, mwalimu."

"Wako uliongezeka?"

"Hapana."

"Basi nani alipungukiwa?"

Emerensiana alimtazama Lidia, ambaye alikuwa ameingiza mikono ndani ya sweta na sasa anapuliza chai yake kwa kifua ambacho bado kilikoroma kidogo.

"Lidia," alijibu kwa sauti ndogo.

"Ndivyo wivu ulivyo, wanangu. Unamlenga mwenye kipaji, unampata mtoto ambaye hata hayumo kwenye ugomvi wenu. Ukiona mwenzako anajua jambo, nenda kamuulize. Utaona aibu kidogo, lakini jioni ile ile utakuwa umejua. Na ukikosea, sema umekosea siku hiyo hiyo, maana siku nne ulizonyamaza wewe, huyu mtoto amekohoa zote nne."

Walimuaga mama yake Lidia, wakatoka, na njiani kurudi Emerensiana na Hasna walianza kupanga nani afume shingo ipi katika zile tatu zilizobaki.