Springi ya Mbele na Mkate wa Ukutani

Soko la vipuri la Sergeli lilikuwa limefurika pale mikono miwili iliposhika bolijointi moja.

"Achia, dada. Mimi ndiye niliyeiona kwanza."

"Umeiona, kaka. Mimi nimeishika."

Kijana akacheka, akaachia. Alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, na Oydin akaona haya kwa grisi iliyojaa kwenye kucha zake.

"Gari gani?"

"Zhiguli ya marehemu baba. Alianza kufungua miguu ya mbele, akaenda hospitali. Hakurudi."

Tangu hapo, kila Jumapili kijana yule, Elbek, alikuwa uani kwa kina Oydin, chini ya mzabibu, bila shati jeupe.

"Nati ya mwisho usiitoe yote," alimwambia. "Springi imebanwa. Ikinirukia, utakuwa mjane kabla ya ndoa."

"Nani kakwambia nitaolewa na wewe?"

"Mikono yako. Inanuka grisi kama yangu."

Kisha mama yake Oydin akarudi kutoka mtaa wa kina Elbek na habari: ukutani kwao umetundikwa mkate mpya, umeng'atwa mara moja, kama wa msafiri. Oydin akautazama mkate wa ukutani kwao. Baba aliung'ata asubuhi ile anaondoka, ili arudi aumalize. Sasa ulikuwa mgumu kama tofali. Kutundika wa pili hakuweza.

Oydin akampigia Elbek simu mchana kutwa. Mwishowe akapokea.

"Unasafiri, hata kuniaga hukuniaga."

"Nani anasafiri?"

"Mkate wenu je?"

"Wa mdogo wangu, kaenda jeshini. Kautazame, utaliona pengo la jino lake la mbele." Elbek akasikia nyundo. "Uko wapi?"

"Chini ya gari. Nagonga bolijointi iachie."

"Oydin, mpenzi, usiguse nati. Nakuja."

Alifika anahema, ndala mguu huu, kiatu mguu ule. Oydin alikuwa amekaa juu ya tairi. Nati ilikuwa bado imeshika ncha ya uzi wa bolijointi, mnyororo umezungushwa kwenye springi, jeki iko chini ya mkono wa chuma ulioibeba springi.

"Baba alinifundisha," alisema. "Nakosa tu mtu wa kushusha jeki."

Oydin akaitoa nati. Elbek akashusha polepole. Springi ikajinyoosha, ikalegea, ikatoka na kutu yake, imetulia.

"Nimtume mama yangu alete posa?"

Oydin akajifuta mikono kwa muda mrefu.

"Aje na mkate mzima, tuumege wote hapahapa. Ukuta wetu hauna nafasi tena."