Gari la Zamani na Petroli ya Siku Hizi

Mzee Vifungo alikuwa fundi cherehani mstaafu. Tangu mkewe afariki, aliishi peke yake. Redio yake ilisema kutwa nzima. Hakuisikiliza. Alitaka tu nyumba iwe na sauti ya mtu.

Furaha yake ilikuwa moja. Kila Jumapili alipanda gari lake la zamani, akaenda kumwona binti yake na mjukuu. Binti alikaa juu ya kilima, mahali ambapo basi halifiki. Kabla ya kuondoka, mzee alizunguka na kufungua mlango wa abiria. Mlango ule ulifunguka kwa nje tu. Miaka yote alikuwa akimfungulia mkewe. Sasa aliufungua, akatazama kiti kitupu, akaufunga tena.

Basi, Jumapili moja gari likagoma katikati ya kilima. Injini ilikohoa, ikaishiwa nguvu. Mzee akalirudisha chini kinyumenyume, roho mkononi. Jumapili iliyofuata, yale yale.

Binti akapiga simu. "Baba, mbona huji? Tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea, mwanangu. Nina kazi kidogo."

Kazi gani, jamani! Hakuwa na hata shati la kushona. Lakini akisema gari limechoka, binti atamwambia aliuze. Akiliuza, atafikaje kule juu? Miguu yake haikiwezi kilima. Simu ilipokatika, mzee alikaa akiitazama cherehani yake.

Kwenye kituo cha mafuta, dereva mmoja alimwambia, "Mzee, petroli ya siku hizi imetolewa risasi. Magari kama hili inayasumbua."

Risasi? Mzee akafurahi. Risasi anayo! Ni madini mazito ya kijivu. Washonaji huyatia kwenye pindo la pazia ili lining'inie vizuri, na yeye alikuwa na kopo zima. Akaviyeyusha vipande jikoni, kwenye sufuria ndogo ya mkewe ya uji. Akafanya matone madogo, akayatumbukiza kwenye tangi la mafuta. Kisha akaiosha sufuria, akapika uji wake, akanywa.

Gari halikufika hata nusu ya kilima.

Jirani yake, Mama Spana, alikuwa fundi wa injini. Alimkuta mzee uani, amejiinamia kwenye boneti.

"Shikamoo, mzee wangu. Limesusa?"

"Marahaba. Limesusa, na dawa nimelitilia." Akamweleza habari ya risasi.

Mama Spana hakucheka. "Umeyeyushia kwenye nini?"

"Sufuria ya uji. Nimeiosha vizuri."

"Ala! Mzee wangu, risasi ni sumu. Haitoki kwa kuosha. Ndiyo maana imeondolewa kwenye petroli. Ilikuwa inatoka na moshi, watu wanaivuta, na inadhuru ubongo wa watoto. Hata watu wazima haiwaachi salama. Twende hospitali wakupime damu. Na sufuria hiyo usiipikie tena."

"Ni ya marehemu," mzee akasema kwa sauti ndogo. "Alikuwa akinikorogea uji humo."

"Najua. Pole sana. Lakini siku mjukuu akija, utampikia kwenye nini?"

Mzee akaingia ndani, akaitoa sufuria, akampa bila kuitazama. Alilia, na Mama Spana akamwacha alie.

Hospitali walimpima, wakamwambia arudi kupimwa tena. Jiko likapanguswa kwa kitambaa kibichi, kila pembe. Mabaki ya risasi, pamoja na sufuria, yakapelekwa kwa wanaokusanya betri kuukuu za magari, ambazo nazo zina risasi.

Kisha Mama Spana akalisafisha tangi na kuifungua injini. Akamwonyesha mzee vali, vile vifuniko vidogo vinavyofunguka na kujifunga ndani ya injini.

"Risasi ya kwenye petroli ilikuwa imechanganywa kiwandani. Hivi vipande vyako vilikuwa vimelala tu chini ya tangi. Ile ya zamani iliacha utando mwembamba hapa, vali inapokalia. Sasa utando umekwisha. Chuma cha hapa ni laini. Vali imekigonga, imekila, imezama. Haifungi vizuri. Nguvu inavuja."

"Kama kifungo kwenye tundu lililopanuka," mzee akasema.

"Ee, hapo umenifundisha wewe! Tutachonga palipolika, tutie pete za chuma kigumu. Kisha utatumia petroli ya sasa bila wasiwasi."

"Magari yote ya zamani yana ugonjwa huu?"

"La. Mengine yalitoka kiwandani na chuma kigumu. Muulize fundi kwanza. Na kama chuma ni laini lakini hakijalika, ipo dawa maalumu ya kuchanganya na petroli. Usiendeshe kwa fujo, na vali zikaguliwe mara kwa mara. Ila usitie chochote ulichopika mwenyewe!"

Mzee akacheka. Alikuwa hajacheka na mtu siku nyingi.

Jumapili, gari lilipanda kilima bila kukohoa. Binti alisikia mngurumo, akatoka mbio, mtoto mgongoni. Mzee akamweleza yote, hata aibu yake, hata sufuria.

"Baba, ungeniambia tu. Mimi nilidhani umetuchoka."

"Ningewachokaje? Sina mwingine."

Jioni binti akasema, "Leo tunakusindikiza. Tutalala kwako." Akakaa kiti cha mbele, mtoto mapajani. Walipofika, alisukuma mlango, akasukuma tena. "Baba, haufunguki!"

"Ngoja," mzee akasema. Akashuka, akazunguka gari taratibu, akaufungua. Safari hii kiti kilikuwa na watu.